Farasi Waliookolewa na Luteni Kanali Kruglikov

Jumapili ya kwanza ya Aprili mwaka 1975, saa moja asubuhi, Luteni Kanali mstaafu Porfiri Savelyevich Kruglikov alikuwa jikoni kwake, ghorofa ya pili, amevaa fulana na suruali ya kulalia, akisugua nishani zake kwa dawa ya meno ya unga. Alifanya hivyo kila mwaka, wiki tano kabla ya Sikukuu ya Ushindi. Alizipanga juu ya gazeti: mbele kabisa Nyota Nyekundu, kisha medali ya Huduma za Kivita, na nyuma yake zile tano ambazo alipewa kila mtu aliyefika mwisho wa vita akiwa bado anapumua. Mkewe, Zinaida Lvovna, alikuwa anakaanga viazi. Alichungulia dirishani, akasema:

"Mzee, kuna farasi chini."

"Wa nani?"

"Nitajuaje mimi? Anakutazama wewe."

Kruglikov akainuka. Farasi alikuwa mwekundu, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu kutoka pale juu. Mkia hakuwa nao. Ulikuwa umetafunwa ukabaki kisiki. Jua lilikuwa limetoka na uwanja mzima ulikuwa tope, lakini mgongoni mwa farasi kulikuwa na theluji ya unene wa vidole vitatu, kavu kama chumvi, na haikuyeyuka. Kwenye kwato ya mbele palikuwa na namba ya jeshi iliyochomwa kwa chuma.

Kruglikov alirudi kukaa. Akaongeza dawa ya meno kwenye kitambaa.

"Ni wa kiwanda cha maziwa," alisema. "Watakuja kumchukua."

Kiwanda cha maziwa kilikuwa kinatumia malori tangu mwaka 1959.

Jumatatu walikuwa wanne. Alhamisi walikuwa ishirini na mmoja. Waliingia kupitia upenyo ulio kati ya jengo letu na duka la mkate, kila mmoja kwa wakati wake, wakajipanga uwanjani na kuelekeza nyuso zao kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Hakuna mkazi aliyepiga kelele. Watu walikuwa na kazi za kuwahi. Kilichowaudhi wakazi ni mbao. Farasi wale hawakugusa majani wala mkate, lakini walikula mbao. Walikula benchi mbili, ua wa bustani, sanduku la mchanga la watoto, na siku ya tano wakaila meza ya dhumna.

Hapo ndipo Demyan Fomich, mwenyekiti wa kamati ya jengo, alipochukua hatua, maana mezani pale alikuwa anaongoza kwa michezo sita. Aliandika tangazo: "Mwenye farasi awaondoe kabla ya tarehe kumi na tano." Akaligongomea kwenye ubao wa matangazo. Kufikia adhuhuri ubao haukuwepo.

Kazi ya kufagia uwanja ilikuwa ya Kapitolina Yegorovna Shubina. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mabega mapana, na chumba kimoja karibu na boila, ambamo ukuta mmoja ulikuwa wa moto na tatu za baridi. Kazi hiyo alikuwa ameipata miaka tisa iliyopita kwa barua ya Kruglikov mwenyewe. Kruglikov alipenda kuwasimulia wageni jambo hilo. "Mumewe alikosea vitani," alikuwa akisema, huku akimwaga chai kwenye kisosi. "Lakini mke ana kosa gani? Nikamsaidia." Wageni walitikisa vichwa kwa kusifu. Jengo zima lilijua mambo yalivyokuwa, kama watu wanavyojua choo cha jirani kinavyonuka, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyeyataja.

Yalikuwa hivi. Februari mwaka 1943, Kruglikov, wakati huo kapteni, alikuwa mkuu wa hospitali ya farasi nyuma ya mstari wa mapigano. Alikuwa na farasi mia mbili na kumi na wanne waliojeruhiwa au kuchoka, msaidizi mmoja aliyeitwa Sajini Yefim Shubin, na shayiri ya kutosha miezi miwili. Kamanda wa divisheni alikuwa na siku ya kuzaliwa. Shayiri ikapelekwa kwenye mapipa ya kijiji cha jirani, ikarudi gongo. Sherehe ilifana. Farasi wakala mbao za zizi, kisha wakalana mikia, na siku ya kumi na moja akaanguka wa mwisho.

Shubin aliandika ripoti tatu kuomba shayiri. Kruglikov aliandika karatasi mbili tu, ila za kwake zilifika. Moja ilikwenda mahakama ya kijeshi, ikisema farasi wote wamekufa kwa uzembe wa Sajini Shubin. Nyingine ilikwenda idara ya nishani, ikisema farasi wote wameokolewa na Kapteni Kruglikov na kurudishwa vitani. Mahakama na idara ya nishani hazikuwa kwenye jengo moja, na karatasi hizo hazikuwahi kukutana. Shubin alihukumiwa miezi mitatu katika kikosi cha adhabu, ambacho kazi yake ilikuwa kutangulia pale wengine wasipotaka kutangulia. Siku ya sita aliuawa. Mwezi wa nne Kruglikov alivishwa Nyota Nyekundu.

Tangu hapo Kapitolina alikuwa anaandika barua kila mwaka, akiomba mumewe asafishwe jina. Hakutaka makubwa. Alitaka aitwe mjane wa askari badala ya mjane wa mhalifu, na jina la Yefim lichongwe kwenye jiwe la waliokufa vitani, kwenye uwanja wa mji, mahali ambapo kati ya Shubalov na Shumsky palikuwa na nafasi ya kutosha. Kila mwaka alijibiwa kwamba farasi wamekufa na kosa ni kosa.

Farasi walipofika thelathini, Kapitolina alianza kuwasoma kwato. Katika barua yake ya mwisho mumewe alikuwa amewataja baadhi kwa majina na namba, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumtaja. Alisimama mbele ya farasi mweusi mwenye kovu shingoni.

"Malva," alisema.

Farasi aligeuza sikio moja.

Kapitolina alimfagia theluji mgongoni kwa ufagio. Ilianguka chini, na alipoinua macho ilikuwepo tena, vidole vitatu vilevile. Akaendelea na kazi.

Wiki ya tatu Kruglikov alishuka uwanjani akiwa na mfuko wa shayiri alioununua sokoni. Alikuwa amepungua. Zinaida Lvovna alikuwa ametundika blanketi dirishani, lakini hata nyuma ya blanketi mtu hujua akitazamwa.

"Kapa," alimwambia Kapitolina, "wape hii."

"Wape mwenyewe, afande. Wewe ndiye wanayekufahamu."

Akanyoosha mkono wenye shayiri. Farasi wa karibu alinusa, akapuliza pua, akageuza uso. Wa pili vilevile. Wa tatu.

"Hawana njaa hawa!" Kruglikov alisema kwa sauti, ili madirishani wasikie.

"Njaa wanayo," alisema Kapitolina. "Shayiri ndiyo imechelewa. Miaka thelathini na miwili."

"Unasema nini, Kapa?"

"Nasema usogee, afande. Umesimama juu ya samadi."

Samadi ile ilikuwa jambo jingine. Ilikuwa nyepesi kama unga wa mbao, haina harufu, na Demyan Fomich alipoijaribu kwenye miche yake ya matango, miche ilipanda shubiri moja kwa siku mbili. Habari zilienea. Jioni baada ya kazi watu walipanga foleni na ndoo, wakaibeba kwa basi hadi kwenye viwanja vyao nje ya mji. Malalamiko yakafutwa. Kamati ilikaa kikao na kuamua kwamba farasi ni mali ya jengo, na kwamba wakazi wa jengo namba sita wakija na ndoo warudishwe.

Mwanzoni mwa Mei alifika Meja Tyulkin wa ofisi ya jeshi ya mji, kijana mwenye mkoba mpya. Ilikuwa miaka thelathini ya Ushindi, na mji wetu ulikuwa umeagizwa utoe shujaa. Mji jirani ulikuwa na rubani. Mwingine ulikuwa na dereva wa kifaru, mzima, mwenye mikono yote miwili. Sisi wa Zarechinsk tulitafuta tukampata Kruglikov. Shida ilikuwa moja: agizo lilitaka tendo la shujaa lithibitishwe kwa macho.

Meja alisimama mlangoni mwa jengo, akautazama uwanja.

"Hawa ni nini?"

"Farasi wa Luteni Kanali," alisema Demyan Fomich, ambaye tangu matango hakuwa na neno baya juu yao.

"Wale wa kwenye hati yake?"

"Namba zipo kwatoni, afande. Angalia mwenyewe."

Meja Tyulkin alifungua mkoba, akatoa nakala ya hati ya nishani, akaanza kulinganisha. Alikuja siku tatu mfululizo. Farasi walikuwa wanaongezeka, na yeye hakutaka kuandika kitu ambacho hakijakamilika. Kruglikov, aliyekuwa amejifungia ndani tangu siku ya shayiri, alianza kunyoa ndevu tena. Siku ya pili aliondoa blanketi. Siku ya tatu alifungua dirisha, akasimama pale na fulana yake, akawatazama farasi kama mtu anayetazama picha ya zamani na kujiona yumo.

"Zina," alisema, "ni wengi, eh?"

"Ni wengi," alisema mkewe.

"Na wote wamesimama."

"Wamesimama, mzee. Kula viazi."

Tarehe nane Mei, saa nne asubuhi, Meja alimaliza kuhesabu, akapata mia mbili na kumi na watatu. Akahesabu tena. Akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. Bila huyo mmoja hati isingesimama, na sherehe ilikuwa kesho yake.

Wakati huo farasi jike wa kijivu aliingia kupitia upenyo wa duka la mkate. Alikuwa anaongozwa kwa kamba na mwanamume mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye koti la jeshi lisilo na vyeo na tundu dogo upande wa kushoto. Naye alikuwa na theluji mabegani. Alitazama huku na huku, akamwona mwanamke mwenye beleshi.

"Shikamoo, mama," alisema. "Naomba ndoo ya maji. Huyu ametembea sana."

"Marahaba," aliitikia Kapitolina, kwa sababu salamu huitikiwa. Kisha beleshi likamtoka mkononi. "Yefim. Mimi si mama. Mimi Kapa."

Mwanamume alimtazama. Akavua kofia.

"Umezeeka, Kapa."

"Na wewe umechelewa."

"Nilikuwa na farasi," alisema Shubin.

Kapitolina alimwonyesha bomba, naye akachota maji mwenyewe. Farasi wa kijivu akanywa ndoo nzima. Shubin aliinua miguu ya farasi mmoja baada ya mwingine akikagua kwato, na Meja Tyulkin alimngoja kwa adabu hadi alipomaliza.

"Wewe ndiye mhudumu wao?"

"Ndiyo, afande. Sajini Shubin. Kwa sasa sina cheo."

"Hawa ndio farasi wa hospitali ya Kapteni Kruglikov, Februari arobaini na tatu?"

"Ndio hao."

"Wote wapo?"

"Wote wapo. Lakini wame..."

"Sikukuuliza hali zao, nimekuuliza idadi. Kwenye fomu hali haina nafasi. Weka saini hapa."

Shubin alisoma karatasi yote, kama alivyokuwa akisoma kila karatasi. Iliandikwa kwamba farasi mia mbili na kumi na wanne waliotajwa wameonekana Zarechinsk tarehe nane Mei, wamesimama kwa miguu yao. Hapakuwa na neno la uongo. Akaweka saini.

Kapitolina alikuwa amesimama kando, kitambaa cha kichwa kimemteleza.

"Afande," alimwambia Meja, "nisaidie mimi mjinga. Mume wangu alihukumiwa kwa kuwaua farasi hawa."

"Inawezekana, mama."

"Kama ni wazima, basi hakuwaua. Nipe karatasi ya kusema hivyo. Na kama wamekufa, mvue yule pale juu Nyota yake. Chagua wewe. Mimi lolote nitashukuru."

Meja Tyulkin alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama wa umri uleule huko Penza.

"Mama, mimi nashughulika na nishani," alisema. "Hukumu ni ofisi nyingine. Iko mtaa wa pili, lakini leo wamefunga mapema."

Kruglikov alishuka. Alikuwa amevaa koti la sherehe na nishani zote saba, zinang'aa. Shubin alipomwona alisimama wima, visigino pamoja.

"Afande, farasi wote wapo."

Madirishani watu waliacha kutafuna. Kruglikov alimtazama kijana yule, tundu la koti lake, na theluji mabegani mwake.

"Vizuri, sajini," alisema. "Endelea."

Ni neno la kwanza tu lililotetemeka.

Shubin alikuwa na ruhusa mpaka saa tisa. Kapitolina alimkalisha chumbani kwake, upande wa ukuta wa moto, akampa supu ya kabichi, mayai mawili, na kipande cha mafuta ya nguruwe alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sikukuu. Alikula polepole. Chakula kilipoisha hawakujua la kufanya na mikono yao. Kwa umri, Yefim sasa angeweza kuwa mwanawe.

"Kule kukoje?" Kapitolina aliuliza.

"Baridi. Unazoea."

"Watakuachia lini?"

"Nilipewa miezi mitatu. Nimetumikia siku sita."

"Miaka thelathini na miwili, Yefim!"

"Ukishauawa hawahesabu siku," alisema Shubin. "Nimewauliza. Nimeandika ripoti tatu."

Kapitolina alicheka, na baada ya kucheka alifuta uso kwa aproni. Akamvua koti, akashona lile tundu kwa uzi mweusi, maana wa kijivu hakuwa nao. Saa nane na nusu alimvisha soksi za sufu alizozifuma mwaka 1943 na kukosa pa kuzipeleka. Shubin alitoka kupitia uwanjani, akimgusa kila farasi aliyempita. Hawakumfuata. Hukumu ilikuwa ya kwake peke yake.

Sherehe ya tarehe tisa ilifanywa uwanjani kwetu badala ya uwanja wa mji, kwa sababu farasi hawakukubali kuhama. Kulikuwa na bendi, na meza yenye kitambaa chekundu, ya chuma. Mkubwa kutoka mkoani alisoma hati: miaka thelathini na miwili baadaye, farasi wote waliookolewa wamerudi kumshukuru mwokozi wao, jambo ambalo rubani wa mji jirani hawezi kulionyesha. Akamvisha Kruglikov nishani mpya, kubwa kuliko zote. Kruglikov alitoa hotuba bila karatasi. Alisimulia baridi ya mwaka ule, na jinsi alivyomlisha kila farasi kwa mkono wake shayiri ya mwisho, akijinyima usingizi. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Farasi walimtazama. Hawakupepesa macho, wala theluji yao haikuyeyuka chini ya taa za mpiga picha.

Baada ya hotuba alimfuata Kapitolina, aliyekuwa anasubiri na beleshi watu waondoke.

"Umeona, Kapa?" alisema kwa upole, kama mtu anayesamehe. "Niliwaokoa."

"Nimeona, afande."

"Na wewe miaka yote ulikuwa na kinyongo na mimi."

Kapitolina alimtazama usoni akitafuta uongo, na hakuupata. Hilo ndilo lililomfanya akae chini kwenye ngazi mpaka bendi ikamaliza kufungasha.

Picha ilitoka gazetini. Ilikatwa chini ya shingo za farasi, mbavu zisionekane. Tangu hapo shule zilianza kuleta wanafunzi kila Jumatano, na Kruglikov aliwapokea na nishani nane, akawaeleza kila farasi alivyomponya. Demyan Fomich alipata meza mpya ya dhumna, ya zege. Kapitolina aliongezewa uwanja wa kufagia, kwa sababu ya wageni, mshahara uleule.

Jibu la barua yake ya mwaka huo lilifika mwishoni mwa Juni. Tarishi, Rimma, msichana mwenye haraka, alimkuta kati ya farasi na kumsomea, kwa kuwa miwani ilikuwa chumbani. Ofisi ilisema imelipitia ombi kwa makini. Kwa mujibu wa hati ya tarehe nane Mei, farasi mia mbili na kumi na wanne wa hospitali ile ni wazima. Kwa hiyo wale aliowaua Shubin ni mia mbili na kumi na wanne wengine, na hukumu inabaki. Aidha, Shubin ametia saini hati hiyo kwa mkono wake mbele ya ofisa; kwa hiyo si marehemu, jina lake haliwezi kuchongwa kwenye jiwe la marehemu, na mwombaji anaonywa asijiite tena mjane.

"Pole, mama Kapa," alisema Rimma. "Mbwa hawa."

"Soma tena ile ya mwisho."

Rimma akaisoma tena.

"Ndivyo ilivyoandikwa? Na mhuri upo?"

"Mhuri huu hapa. Saini hapa, mama, nina mifuko miwili bado."

Daftari la kupokelea barua lilikuwa na mstari wa jina na mstari wa hali ya ndoa ya mpokeaji. Miaka thelathini Kapitolina alikuwa ameujaza mstari wa pili vilevile, kwa herufi ndogo: mjane. Alifuta mkono kwenye aproni, akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari: MKE. Kisha akamrudishia Rimma kalamu yake, maana wanafunzi wa Jumatano walikuwa wameshaingia getini, na Luteni Kanali alikuwa anapiga kelele kutoka dirishani kwamba samadi haijaondolewa.